Kundi la familia: mchezo wa Nasra wa likizo

Hemedi: Assalam aleikum familia. Mama shikamoo, dada shikamoo, shemeji shikamoo. Naweka hapa kwa sababu Nasra hayumo humu. Kashamaliza la saba, form one ni Januari afu anaenda bweni, hapo katikati yupo tu Magomeni anachora. Mmeyaona madaftari yake kwa nyuma? Kurasa nzima za wasichana wanaruka juu ya maghorofa ya Kariakoo. Nataka nimchezeshe mchezo wa mezani wa masupahiro vijana, wa kukaa watu wanne watano na karatasi, penseli na dadu mbili za ludo, hadithi inaendelea kila Jumamosi mpaka aende shule

Mama Nasra: Waaleikum salaam, marahaba mdogo wangu. Mchezo gani huo, ndo ule wa mazimwi na mapango?

Hemedi: Ule ni D&D, yaani Dungeons and Dragons, dada, wa 1974, ndo mama wa michezo yote ya aina hii. Huu unaitwa Masks, ulitoka 2016, kauandika Brendan Conway wa Magpie Games. Kule unahesabu uhai, ukipigwa upanga uhai unapungua. Huku hamna uhai wa kuhesabu kabisa. Ukipigwa unaumia ndani, kuna hali tano: hofu, hasira, hatia, kukata tamaa, kutojiamini. Unaweka alama kwenye mojawapo, zikijaa zote ukapigwa tena basi uko nje ya tukio hilo

Khalfani: Anko mi nipo ndani tayari 🙌🏾

Baba Nasra: Marahaba shemeji. Sasa anashindaje mtu

Hemedi: Hamna wa kushinda shemeji, wote timu moja. Mi ndo msimuliaji, nawapa mji na watu wake na balaa lao, wao ndo mashujaa. Wakijaribu jambo gumu wanarusha dadu mbili. Kumi kwenda juu limeenda vizuri, saba mpaka tisa limeenda ila kuna gharama, sita kushuka hadithi inageuka na mi ndo nasema inageukaje

Hemedi: Sasa hapa ndo penyewe someni vizuri. Kila mhusika ana vibandiko vitano vya jinsi anavyojiona: Hatari, Wa Ajabu, Mwokozi, Bora, Wa Kawaida. Kila kimoja kina namba, toka -2 mpaka 3, unaijumlisha na dadu. Kupambana ana kwa ana unatumia Hatari, kumkinga mtu Mwokozi, kumfariji mwenzio Wa Kawaida. Na namba hizo hazikai mahali pamoja, mtu mzima akikwambia wewe ni nani, na humo watu wazima wote wana sauti juu yako toka mwanzo, ukimkubali kibandiko kimoja kinapanda kingine kinashuka. Usipomkubali unamkataa, unarusha dadu

Rehema Tanga: Yaani wakubwa wakisema neno namba za mtoto zinahama

Hemedi: Ndo hivo Rehema, na ndo maana nimechagua huu. Toka Nasra amalize mtihani kila anayepita hapo barazani anamwita daktari wetu, mwingine anamwambia we mpole mno bweni watakuonea, mwingine siku hizi umekuwa mkubwa sasa ukae kama wakubwa. Wote tunampenda. Ila yeye mwenyewe anajionaje sijasikia akiulizwa. Nataka awe na mahali ambapo mkubwa anamwambia wewe ni hivi, na yeye anaruhusiwa kusema hapana, afu tuone kinatokea nini

Mama Nasra: Mi namwita daktari kwa sababu ana akili na nampenda. Ila nimekuelewa. Endelea

Rehema Tanga: Nipo na mama hapa namsomea. Anauliza mtoto kumkataa mkubwa si ndo kumfundisha utovu wa adabu?

Hemedi: Mwambie mama hakatai kwa matusi. Anamsikiliza mtu mpaka mwisho, anasema mimi siko hivyo, kisha kama dadu zimemkubali anaweza kuchagua kuonyesha kwa kitendo hapohapo. Na zikigoma maneno ya mkubwa yanamwingia kweli, anaweka alama ya hali moja na vibandiko navihamisha mimi. Kwaiyo kukataa kuna uzito wake, hakataikatai hovyo

Rehema Tanga: Mama anasema basi sawa, ila na yeye anataka kuwemo

Hemedi: 😍😍 Mama nina nafasi yako kabisa. Utakuwa shujaa mzee wa Feri, enzi zako ulikuwa unalinda watu wa kivuko cha Kigamboni, sasa umestaafu ila vijana wote wanakuja kwako kuomba ushauri. Tutakupigia Jumamosi tunaweka spika, unaongea kama unavyoongea siku zote

Khalfani: Anko tujaribu kidogo humuhumu wakubwa waone. Mi mhusika wangu ana nguvu za kuvuta chuma

Hemedi: Haya. Mvua imenyesha toka usiku, Msimbazi imefurika, mwendokasi limekwama Jangwani limejaa watu, maji yashafika kwenye ngazi. Unafika mbio. Kuna shujaa mkubwa wa mji yuko juu ya paa la basi, anakutazama anasema "wewe mtoto kaa pembeni, utaua watu hapa". Anakuona Hatari. Unamkubali au?

Khalfani: Namkataa. Nimerusha nimepata 5 na 3

Hemedi: Nane, umefaulu, chagua moja. Unafuta sauti yake juu yako, au unajihamishia vibandiko unavyotaka wewe, au unachukua hatua sasahivi kumwonyesha hayuko sahihi na unapata alama ya kukua

Khalfani: Nachukua hatua. Navuta milango ya upande usio na maji watu watoke

Hemedi: Hapo unaachia nguvu zako, jumlisha Wa Ajabu yako tuseme ni 1

Khalfani: 3 na 1 😩 na moja tano

Hemedi: Sita kushuka. Unaweka alama nyingine ya kukua, afu milango inafunguka yote, pande zote mbili, maji yanaingia na kuna bibi kashika mjukuu anateleza kuelekea mtoni. Unafanya nini?

Mama Nasra: Subiri kwanza. Amekosa na bado amepata alama?

Hemedi: Ndiyo dada, ukikosa unapata alama, zikifika tano mhusika anapanda, anajifunza kitu kipya. Anayejaribu mambo magumu ndo anakua haraka

Mama Nasra: Huyu mtoto akikosa hesabu moja anachana ukurasa mzima anaanza upya. Hiyo peke yake inanitosha, mchezeshe

Mama Nasra: Ila Jangwani hapana. Maji yalipoingia kwa jirani alisimama dirishani akaona magodoro yanaelea na mpaka leo mvua ikiwa kubwa usiku anakuja kulala chumbani kwetu

Hemedi: Asante kwa kuniambia dada, naondoa, mafuriko hayamo kabisa kwenye hadithi. Na ndo jambo la pili nilitaka kusema. Kabla hatujaanza kila mtu anataja vitu ambavyo havitakuwepo mezani, na Nasra atataja vyake mwenyewe bila kuulizwa sababu. Halafu tunaweka kadi moja katikati ina alama ya X, John Stavropoulos ndo aliyeibuni, mtu yeyote akiigusa tunaruka hapo tunaendelea na jingine, hamna kujieleza. Mi mwenyewe ntaigusa mapema siku ya kwanza kwa kitu kidogo ili aone ni jambo la kawaida asione aibu

Baba Nasra: Hiyo kadi nimeipenda. Na hizo hali ulizosema, hasira na nini, zinatokaje?

Hemedi: Kila moja na njia yake. Hofu inafutika ukikimbia jambo gumu, hatia ukijinyima kitu kufidia kosa, hasira ukimuumiza mtu au ukivunja kitu cha maana

Mama Nasra: Hapo pa hasira sijapapenda Hemedi

Hemedi: Najua. Lakini ukivunja kimevunjika, hadithi haisahau, Jumamosi ijayo kitu hicho hakipo na mwenyewe anakiulizia. Na njia ya pili ipo, mwenzio anakaa na wewe anakufariji, ukimfungukia kweli unafuta. Kwa Nasra njia hiyo nitaiweka karibu kila mara, baada ya kila vurugu nawapa mahali pa kukaa, ukuta wa Coco Beach na mihogo ya kukaanga, waongee

Khalfani: Mi ntamfariji anko, ila yeye achague Nova ana nguvu kupita wote

Hemedi: Achague mwenyewe Khalfani, tafadhali usimshawishi, wala usimtazame anapochagua. Kuna aina kumi za wahusika, ni nyingi kwa anayeanza, ntamtandikia nne. Nova mwenye nguvu zinazomzidi mwenyewe. Beacon hana nguvu za maana ila yupo kwa sababu anapenda ushujaa kuliko wote. Janus anaficha uso, huku anaokoa mji huku nyumbani ana kazi na shule na hakuna anayejua. Na Legacy, ambaye ushujaa ni wa ukoo wake, wakubwa wote wanamtazama afuate nyayo

Rehema Tanga: Mi nasema atachukua Janus, yule anaweka siri sana

Hemedi: Tusibashiri jamani 🙏🏾 akisikia tulishamchagulia nimeharibu mchezo mzima

Mama Nasra: Na sita zilizobaki?

Hemedi: Zipo, akizitaka baadae atazipata. Isipokuwa moja, Doomed, shujaa ambaye kifo chake kinamkaribia kadiri hadithi inavyoenda. Ni nzuri sana kwa watu wazima. Ila baba tumemzika mwaka huu na Nasra ndo alikuwa anampelekea chai kila asubuhi

Mama Nasra: Hiyo usiilete

Hemedi: Siileti

Baba Nasra: Mi nifanye nini, au nikae pembeni

Hemedi: Shemeji we kaa mezani. Naomba uwe mwalimu mkuu wa shule yao, mkali ila mwenye haki. Utamwambia maneno kama mwalimu, wewe hivi wewe vile, na yeye atakukubali au atakukataa. Akikukataa usimrekebishe hapo, wala usikunje uso. Muulize tu "kwanini" kwa sauti ya mwalimu, umwache ajibu mpaka mwisho

Baba Nasra: Mpaka mwisho

Hemedi: Hata akinyamaza katikati. Msubiri

Baba Nasra: Sawa shemeji. Nitajitahidi sana hapo

Rehema Tanga: Mama anasema yeye atamwambia nini huyo shujaa mdogo akimpigia, aanze kufikiri sasahivi

Hemedi: Mama usiandae neno. Muulize ameona nini leo, na anaogopa nini. Basi

Mama Nasra: Mji ni Dar au mji wa kitabuni?

Hemedi: Kitabuni unaitwa Halcyon City, mi natumia Dar hiihii. Makao yao ghorofa bovu nyuma ya soko la Kariakoo, shule Magomeni, bosi wa maadui ana kampuni ya taa za barabarani na kila mtaa anaowasha watu wanasahau majina ya majirani zao. Nasra atataja majirani wa mhusika wake yeye mwenyewe, kwaiyo ndo atakuwa na kitu cha kupigania

Khalfani: 🔥🔥 lini sasa

Mama Nasra: Jumamosi baada ya alasiri, mpaka magharibi, tusizidishe. Ntapika maandazi na chai ya tangawizi. Simu zote juu ya kabati isipokuwa ya kumpigia bibi

Hemedi: Nimekubali. Khalfani nakutumia faili pdf leo usiku, pita steshenari uprinti zile nne tu, nakala mbilimbili, karatasi nyeupe nzuri atataka kuchora pembeni. Na ununue penseli za rangi

Khalfani: Sawa anko, na kadi ya X?

Hemedi: Karatasi ngumu tupu ilete tu, alama atachora yeye