Eti mwanangu "atatuchafulia wastani"! Watu wa Tanga njooni hapa

Wakuu, sijala. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata baibui sijavua, na kijana wa bajaji kaondoka na chenji yangu kwa sababu niliteremka naongea peke yangu.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja na mods msinifungie uzi. Yule mkuu wa shule ya mwanangu, mwenye tai joto hili la mwezi wa pili. Mwenye bango. Ukienda sokoni bango, ukienda mazikoni bango, majahazi ya Pemba yanaliona lile bango kwanza ndipo yaione bandari. "WA TATU KITAIFA." Leo nimelisogelea na miwani ya marehemu mama, kumbe chini yake pana vijiandishi vya kusomwa na sisimizi: kundi la watahiniwa chini ya 40. Na mwaka wenyewe mwanangu alikuwa darasa la pili, hata kiatu anavaa kushoto kulia.

Sasa kikao. Wazazi wa kidato cha nne, tumejaa ukumbi, feni moja na yenyewe imemgeukia yeye. Kawasha projekta, ukutani majina ya watoto wetu yamepakwa rangi, kijani, njano, nyekundu, kama taa za barabarani. Wangu nyekundu. Wastani 46, wao wanataka 50. Nikanyoosha mkono kwa adabu zangu zote, nikauliza: mwalimu, nimsaidie vipi nyumbani?

Akaniangalia kama niliyekuja kuomba chumvi. Kipaza sauti mdomoni: "Mama, huyu atatuchafulia wastani."

Spika za ukumbi ule zina mwangwi. Wastani... tani... tani... Mama mmoja wa mbele akageuka kunitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

Dawa yake sasa: eti tukamsajili mtihani kituo kingine, mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo aendelee hapo hapo, ada nilipe hapo hapo, sweta avae lile lile, ila namba yake ya mtihani ianze na P ya kujitegemea badala ya S ya shule. Ada wanaipokea kwa S, mtihani akaufanyie P! Mie nimeuza vitumbua miaka mitatu na ushei, mikono imekuwa na alama za mafuta kama ramani, ili mwanangu aitwe uchafu kwenye spika?

Atatuchafulia. Yeye na nani? Mie sina nafasi kwenye hiyo "tu"? Povu ruksa.

Mgosi wa Duga: Nimemjua kabla sijafika aya ya pili 😂😂 Huyo akifa ataacha wosia kaburi lake lihesabiwe kwenye kundi la makaburi chini ya 40.

Sharubu la Kambare: Mleta uzi usituzuge. Bango uliliona, ukalipenda, ukalipia. Mwaka wa kwanza si ndiye ulikuwa unampitisha mtoto Barabara ya 14 na koti la shule, jua la saa saba, unamwambia "msalimie mjomba kwa Kiingereza"? Mjomba mwenyewe nilikuwa mimi. Mtoto anatiririka jasho kama mtungi mpya. Leo bango limegeuka unatuita watu wa Tanga.

Mla Mhogo: Uzi bila picha ya bango ni chai. Weka picha.

Mie Mwenyewe (mleta uzi): Picha ya nini wakati uko Chumbageni unaliona kutoka chooni kwako? @Sharubu, koti nililinunua dukani kwao na lilikuwa lazima. Hujaambiwa "atatuchafulia wastani" mbele ya watu mia mbili, ndiyo maana una nafasi ya kuchezea sharubu.

Chaki Nyeupe: Nafundisha, mwaka wa 19 huu, kwa hiyo nitaongea kidogo halafu nirudi kusahihisha.

Kwanza, mama, 46 ni C. Kwa Baraza la Mitihani C inaanzia 45. Mtoto akipata C saba, hizo ni pointi 21, na 21 ni daraja la pili. Kwa hiyo aliyeitwa mchafu ukumbini ni mtoto wa daraja la pili. Tatizo lake ni kwamba bango halili daraja la pili.

La pili, hayo mabango ya "kitaifa" yaliyotundikwa juzi juzi muulizeni mwenye nayo kayatoa wapi. Baraza liliacha kutangaza kumi bora Januari 2023, wakati wa matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Shule bora hakuna, mwanafunzi bora hakuna. Walisema haina tija, ni kuzipigia shule debe, na watoto hawasomi mazingira yanayofanana. Ila GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya kila kituo bado inaonekana kwenye matokeo, basi watu wanakaa na kalamu wanajipanga wenyewe. Ukijipanga mwenyewe utakuwa wa mwisho kweli?

Na hilo la chini ya 40 lilikuwepo rasmi. Orodha zilikuwa mbili, ya vituo vyenye 40 na zaidi na ya vituo vidogo. Bango huwa halisemi.

Mie Mwenyewe: Mwalimu ubarikiwe. Kidato cha kwanza waliingia 61. Leo ukutani nimehesabu majina 43. Nyekundu tulikuwa watano. Haya toeni hesabu hiyo, mie nilipata F lakini hii nimeipata.

Mgosi wa Duga: 38 🤣🤣🤣 Kundi la chini ya 40! Aisee huyu mtu fundi. Hesabu anaijua.

Daraja la Kwanza: Mnamsema mtu anayefaulisha. Mtoto wangu yuko hapo, ana kijani, hajasumbuliwa. Shule ni nidhamu. Mkitaka kubembelezwa nendeni bembea za Forodhani.

Bi Mchachari: @Daraja la Kwanza wewe ndiye yule wa mbele aliyegeuka, eh?

Chaki Nyeupe: Nimerudi, daftari zimenishinda. Ndugu wa kijani, anafaulisha au anachagua? Kwenye usaili wa kidato cha kwanza anachukua waliofaulu tu, kidato cha pili anachuja, cha nne anachuja tena. Anapokea mtungi umejaa, anautua kwa uangalifu, halafu anatangaza kachota maji. Mwenzake wa shule ya kata anapewa mtungi una tundu, anaujaza nusu, hakuna anayempigia makofi. Na siwasemi watu binafsi tu, hata Ilboru na Kibaha za serikali zinapewa watoto waliokwisha kufaulu toka darasa la saba. Walimu wao wazuri, sikatai, lakini ukiwapanga mstari mmoja na shule ya kata unapima nini hasa?

Enzi za ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, 2013, shule zilipangwa nafasi nchi nzima. Watafiti baadaye wakachunguza za msingi. Zile za mkiani zilipandisha ufaulu kweli, nalo tuliseme. Ila na watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani walipungua. Sasa hao wengine walienda wapi?

Ziro ya Kitaifa: Mimi kidato cha nne 2012. Wenye umri wanajua. Februari 2013 nikawa ziro, zaidi ya nusu ya nchi tulikuwa ziro, mzee akanitoa ndani na godoro nikalala kwa bibi Makorora. Mwaka huo huo serikali ikafuta yale matokeo, wakapanga upya, nikaamka nina daraja la nne. Kichwa kile kile, karatasi zile zile, sijasoma hata ukurasa katikati hapo. Mzee akaja kwa bibi na baiskeli kunifuata, kabeba na samaki. Tangu siku ile mtu akinitajia nafasi namuuliza "ya Februari au ya baadaye?"

Mla Mhogo: Sasa samaki gani?

Ziro ya Kitaifa: Changu. Na baba hakuomba msamaha, alisema tu "godoro lirudi".

Mama wa Pongwe: Nyie mnalia na wastani, mie mwanangu shule ya kata hajawahi kumwona mwalimu wa fizikia. Miaka miwili. Anasikia tu kuwa yupo, kama Imam Mahdi. Nikimwuliza mkuu anasema "maombi yamepelekwa". Huyo wa bango anichafulie basi na mie, angalau aniite kikaoni.

Bi Mchachari: Hapo kwenye sweta hamjasema. SWETA. Tanga. Mtoto anatoka nyumbani mweupe anarudi kachemka kama kaa. Na lazima ulinunue kwao, la Ngamiani wanalijua kwa nembo. Huko Lushoto sawa, ukungu, baridi. Raskazone baridi ya nini? Ya friji?

Mgosi wa Duga: Sweta ndiyo ubora wa elimu hujui? Bila sweta GPA inashuka.

Kijana wa Chuda: Mie naona tatizo daladala. Konda akiona sare tu anasema "imejaa" na ndani yuko yeye na dereva. Mdogo wangu jana kaachwa na gari tatu, kafika saa tatu, akachapwa kwa kuchelewa. Nani anapanga nafasi za makonda? Waanze hapo.

Bi Mchachari: Makonda wa Pongwe ndio hawafai kabisa.

Mama wa Pongwe: Makonda wetu usiwaguse, wa Sahare je?

Mgosi wa Duga: Wa Sahare wanasimama hadi kwa mbuzi. Tatizo lao muziki.

Mie Mwenyewe: Jamani. Uzi wangu. Mtu kamwambia mwanangu ATATUCHAFULIA WASTANI, kwenye spika, na mwisho wa kumsajili ni wiki hii. Mwanangu kaniuliza mlangoni "mama wamesemaje?" nikamwambia wamesema ongeza bidii. Nimedanganya. Nifanyeje, niende elimu sekondari halmashauri au nimhamishe?

Chaki Nyeupe: Nenda halmashauri kesho asubuhi, peleka na risiti za ada. Usisaini fomu yoyote ya P. Na muulize kwa maandishi, kwa karatasi, kwa nini mtoto mwenye C asifanye mtihani shuleni kwake. Kwa spika wana maneno, kwa karatasi hawana.

Daraja la Kwanza: Mkimaliza kulalamika, kuna mtu ana sweta la kijana wa kidato cha nne, saizi ya kati? La wangu limebana na dukani kwao wamepandisha tena.

Bi Mchachari: 😂😂😂😂 Kijani imepauka.

Mla Mhogo: Dukani kwao kiasi gani sasa hivi?

Daraja la Kwanza: Usiulize. Wizi.

Kijana wa Chuda: Fungua uzi wako bwana, huu wa makonda.

Sharubu la Kambare: Mama, tuliza moyo, yatapita. Kesho vitumbua vipo lakini?

Mie Mwenyewe: Vipo, kuanzia saa kumi na mbili, nikitoka hapo naenda halmashauri. Na wewe lipa kwanza vile nane vya Jumanne.