Panya ana CD4, mbona VVU haviingii?

Mwl_Biolojia_Moshi: Wakuu, shikamooni. Kidato cha sita wamenibana. Tumefundisha kwamba VVU hushika CD4, protini iliyo juu ya baadhi ya seli za kinga, ndipo viingie kwenye seli. Panya anayo, makaku (aina ya kima) anayo, simba anayo. Mbona haviwaambukizi? "Kinga zao ni tofauti" hawaitaki tena.

Maabara_Arusha: Marahaba mwalimu, na wana haki ya kukubana. gp120, protini ya nje ya kirusi, hushika CD4, hubadilika umbo, ndipo sehemu inayoshika kipokezi cha pili (CCR5 au CXCR4) inapofunuka. Ikikipata, gp41, protini mwenzake ya kirusi, hujichomeka kwenye utando wa seli, hujikunja, na kuvuta tando mbili mpaka ziungane.

Panya anakwama mwanzoni kabisa: gp120 haishiki CD4 yake. Mwaka 1986 watafiti waliweka CD4 ya binadamu kwenye seli za panya. Virusi vikanata, visiingie. Kipokezi cha pili kilikuja kutambuliwa 1996. Ukiweka vyote viwili vya binadamu, kirusi huingia, ila hakizaliani vizuri. Tat, protini ya kirusi inayochochea kunakiliwa kwa jeni zake, inahitaji saiklini T1, protini ya seli yenyewe, na ya panya ina asidi amino ya tairosini kwenye nafasi ya 261 ambapo yetu ina sisteini. Kuingia ni jambo moja, kuzaliana ni jingine. Hapo ndipo majibu mengi ya mtihani huharibika.

Vet_Karatu: Makaku wa Asia yuko karibu zaidi nasi. Nafasi ya 39 ya CD4 yake ina isolusini badala ya asparajini, kwa hiyo VVU-1 kutoka kwa wagonjwa huingia kwa shida. Vikipenya, TRIM5α, protini ya kinga ya makaku, hudaka ganda la kirusi ndani ya seli.

Simba wa Serengeti wana FIV yao, kirusi cha jamii ya paka kinachofanana na VVU. Aina B ya FIV hiyo hushika CD134, kipokezi kingine cha seli, kisha CXCR4, CD4 haiguswi.

Mwl_Biolojia_Moshi: Asanteni sana. Zoezi la ubaoni niliwekeje?

Maabara_Arusha: Chora seli tatu za panya: ya kawaida, yenye CD4 ya binadamu, na yenye CD4 pamoja na CCR5 za binadamu. Waulize kirusi kinafika wapi kwa kila moja. Majibu: hakishiki, kinanata tu, kinaingia. Taja wazi kwamba ni kirusi kinachotumia CCR5. Usipotaja, mwanafunzi makini atakupinga kwa haki, maana baadhi ya virusi vya CXCR4 vinaweza kutumia CXCR4 ya panya mwenyewe.