Naomba ushauri: nitafsiri vipi mwisho wa Liliom?

Habari zenu wakuu. Natafsiri tamthilia ya Liliom ya Ferenc Molnár, Mhungaria aliyezaliwa Budapest 1878 na kufia New York 1952. Nategemea tafsiri ya Kiingereza, Kihungaria sijui hata salamu.

Liliom mwenyewe ni mpiga debe wa bembea ya kuzunguka kwenye viwanja vya burudani Budapest. Hapo sikupata shida, neno lipo tayari, utadhani Molnár alipita stendi zetu! Anampenda Julie, mtumishi wa ndani, lakini anampiga. Mimba inaingia, hela hakuna, anajaribu kupora, anakwama na kujichoma kisu hadi kufa. Baada ya miaka 16 anaruhusiwa kurudi duniani siku moja tu. Anamletea binti yake nyota aliyoiiba mbinguni. Binti anaikataa, naye Liliom anamzaba kofi. Kisha mtoto anamuuliza mama kama mtu anaweza kupigwa na asisikie maumivu. Mama anajibu ndiyo.

Jibu hilo ndilo linaloninyima usingizi. Watazamaji wa Budapest 1909 waliipokea tamthilia kwa ubaridi, na Wamarekani walipoigeuza kuwa tamthilia ya nyimbo, Carousel, mwaka 1945 waliilainisha. Mimi sitaki kulainisha, ila naogopa ukumbi ushangilie kipigo. Mkurugenzi wetu anataka mama anyamaze tu. Naona huko ni kumsaliti mwandishi.

Waliowahi kuongoza jukwaani, mngefanyaje? Mama aliseme kwa sauti gani? Na "nyota" ionekane, au mikono mitupu inatosha?

Natanguliza shukrani.