Naomba ushauri: modeli ya ndege Spitfire imepata ukungu mweupe baada ya kupuliza vanishi

Wakuu habarini, naombeni msaada. Nina modeli ya Spitfire Mk IX, ile ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, skeli 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), bawa hadi bawa haifiki hata sentimita 16, nimeihangaikia wiki tatu. Ile mistari ya kutambulisha ndege za Washirika walipovamia Normandy, Ufaransa, Juni 1944, mitatu myeupe miwili myeusi kila bawa, nimeipiga kwa brashi, tepu nakata kwa wembe mpaka macho yanauma, na ilitoka safi hata wife alisifia, na yeye huwa anaita midoli. Sasa juzi jioni kuna manyunyu nikatoka barazani nikapuliza vanishi ya kopo, asubuhi naamka ndege nzima ina ukungu, kijani na kijivu cha juu huwezi kuvitofautisha. Halafu stika za duara zinang'aa pembeni kama gamba la samaki, hapo kosa langu, nilibandika juu ya rangi isiyong'aa bila kupiga glosi (vanishi inayong'aa) kwanza.

Nipo Tanga, unyevu wa huku mnaujua. Je nikipuliza tena siku ya jua kali huo ukungu unatoka au ndo naharibu zaidi? Tina siigusi, italamba plastiki yote.