Naomba ushauri: mjadala wa The Kite Runner nianzie wapi?

Habari zenu wadau. Jumamosi naongoza mjadala kwenye kikundi chetu cha usomaji, kitabu ni The Kite Runner cha Khaled Hosseini (2003), na nimekwama.

Lile tukio la kichochoroni Kabul, Afghanistan, 1975, ambapo Amir alimwona rafiki yake Hassan, mtoto wa mtumishi wao, akibakwa na asimsaidie, nalielewa. Mtoto wa miaka 12 aliogopa. Kinachonikaba ni saa na noti ambazo Amir alizichomeka chini ya godoro la Hassan ili afukuzwe. Hassan akaulizwa kama ameiba, akajibu ndiyo! Na kumbe ni ndugu yake wa baba mmoja.

Miaka 26 baada ya lile tukio Amir anarudi kumwokoa Sohrab, mtoto wa Hassan, anapigwa hadi mbavu zinavunjika, na anacheka huku akipigwa, kama mtu anayelipa deni. Lakini Hassan keshauawa na Taliban. Mke wangu anasema kumlea mtoto wa ndugu yako ndiyo toba yenyewe. Mimi naona kachelewa mno.

Mliokisoma, nianze na Amir, au na Baba aliyeficha damu yake mwenyewe? Na wasiowajua Wahazara, kabila la Hassan linalobaguliwa Afghanistan, niwaeleze kiasi gani kabla?