Vipanya jikoni, bandani na chumba cha mpunga: tuanzie wapi?

Mkaazi_wa_Konde

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nyumba ipo Konde, Pemba. Nyumba yenyewe ni ya matofali na bati. Jiko la nje ni la fito na udongo, limeezekwa makuti, na banda la mbuzi limeegemea hapo hapo. Nyuma kuna chumba cha kuwekea mpunga, mbata na karafuu zinazosubiri kuuzwa.

Tangu mpunga uingie ndani, vipanya vimezidi. Ni vidogo, kiwiliwili hakizidi kidole. Usiku kuna kitu kikubwa zaidi kinakimbia juu ya makombamoyo (miti ya paa). Magunia yametobolewa kwa chini. Zile pakiti za sumu zinazouzwa na wapita njia zimejaribiwa: mwanzo walikufa wachache, sasa chambo kinalala na kuamka vile vile. Nina paka, kuku wanaojitafutia na watoto wadogo.

Naomba kujua sumu gani inafaa, mtego gani unafaa, na hili jiko la makuti linazibwa vipi. Kuvunja na kujenga upya kwa sasa hakuna uwezo.

Ghala_na_Bonde

Waalaykum salaam. Sumu iweke mwisho. Kwanza ujue unapambana na nani, maana kwa maelezo yako hapo wapo wawili, na huenda watatu.

Chukua tochi uangalie mavi. Ya kipanya cha nyumbani yana urefu wa milimita 3 hadi 6, membamba, yametapakaa kila mahali. Ya panya wa dari yanafika milimita 12 na yamechongoka ncha zote mbili. Huyo ndiye anayekimbia kwenye makombamoyo. Mkia wake ni mrefu kuliko kiwiliwili, na kupanda ukuta au waya kwake si kazi. Ukiona mavi laini yenye vipande vya maganda ya mende, na pahala pananuka harufu nzito ya mnyama, huyo ni kirukanjia. Ana pua ndefu na macho madogo. Chakula chake ni mende na wadudu wengine, ghala yako si shida yake. Mwache.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kazi. Kipanya hakitoki mbali na kiota, mara nyingi ni mita 3 hadi 10 tu, na hula kwa kuonja onja pahala pengi. Kitu kipya hukifuata akichungulie. Panya wa dari hutembea makumi ya mita kwa usiku mmoja, na kitu kipya njiani hukikwepa kwa siku kadhaa. Ndiyo maana mtego mmoja katikati ya chumba haumpati yeyote.

Sasa chakula. Kipanya kimoja hula kama gramu 3 kwa siku, panya mkubwa gramu 15 hadi 25, lakini hasara kubwa zaidi ni ile wanayoikojolea na kuinyea. Mpunga uanike mpaka ukiuma punje ikatike kwa mlio, kisha utie kwenye pipa la chuma au la plastiki nene lenye kifuniko cha kubana. Ukiutia una majimaji utavunda humo humo, na hapo utamsingizia panya. Magunia yasiyoingia pipani yapange juu ya chaga, sentimita 45 kutoka sakafuni na 45 kutoka ukutani, uweze kupita nyuma na tochi. Gunia lililogusa ukuta ni nyumba ya panya.

Mbata itenge, harufu yake inaita kutoka mbali. Karafuu hawazili, ila hutafuna gunia kwa ajili ya viota na kuacha mavi ndani, na karafuu yenye uchafu hushuka daraja kwenye kituo cha kuuzia.

Halafu kuna jambo ambalo nyumba nyingi hulisahau: machicha ya nazi. Ukikamua tui ukayamwaga nyuma ya jiko, hiyo ni karamu ya kila siku. Wape kuku asubuhi wayamalize, au yafukie. Pumba za mbuzi na chakula cha kuku visilale nje. Ukiwaachia chakula, mitego yote utakayoitega itakuwa kazi bure: mimba ya kipanya ni siku 19 hadi 21, huzaa watano hadi wanane, na baada ya wiki sita hivi watoto nao wanaanza kuzaa.

Fundi_Wete

Nijibu la kuziba. Kipimo ni kalamu ya risasi: ikipita kwenye tundu, kipanya kinapita. Ni milimita 6. Panya mkubwa anataka kama milimita 20, lakini kitoto chake hupita kwenye 12.

Mchana, ingia chumba cha mpunga, funga mlango na dirisha, kaa dakika chache macho yazoee giza. Kila panapopenya mwanga weka alama kwa chaki. Jioni sokota karatasi uyazibe matundu yote kwa kulegeza. Asubuhi penye karatasi iliyosukumwa ndiyo njia yao hasa, anzia hapo.

Nyumba ya matofali: pale bati linapokalia ukuta, zile nafasi chini ya migongo ya bati ndizo milango. Shindilia waya wa kusugulia sufuria, kisha juu yake saruji, ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Waya peke yake kwa hewa yetu ya chumvi unakwisha kwa kutu, na saruji peke yake ikiwa bado mbichi wanaichimba. Matambara, nailoni, povu la kupuliza, hivyo usipoteze pesa. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati geji 28, kimo sentimita 30, kwa nje, kishuke mpaka nafasi ibaki milimita 5. Kizingiti kiwe cha saruji, kwani cha udongo kinachimbika na nafasi inarudi.

Jiko la fito na udongo hutaliziba lote, usijidanganye. Shughulikia chini tu. Chimba kando ya ukuta kwa nje, kina sentimita 30, teremsha wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, na ncha ya chini uikunje kuelekea nje sentimita 20. Panya huchimba akiwa ameshikamana na ukuta. Akikutana na wavu uliolala hana akili ya kurudi nyuma aanze mbali. Rudishia udongo, kisha kandika ukuta kwa udongo uliochanganywa na saruji mpaka kimo cha sentimita 60. Tahadhari: chimba mita moja, maliza, ndipo uende mita nyingine. Ukichimba ukuta mzima kwa mpigo, na mvua ikakukuta, utaanguka.

Makuti usiyazibe, yaondolee sababu. Chakula chochote kisilale humo, hata sufuria yenye ukoko. Na hilo banda la mbuzi litengane na jiko. Kuegemezana kwao ndiko kunakowapa panya kichochoro chenye kivuli mchana kutwa.

Kama kuna mnazi unaogusa paa, kata makuti yanayogusa, na shina livalishe mkanda wa bati laini wenye upana wa sentimita 30, mita 2 kutoka chini. Utaokoa na vidaka (nazi changa) pia. Lakini mnazi mmoja ukiwa na mkanda na jirani yake vichwa vimegusana, mkanda hauna maana.

Bi_Mtambwe

Mwanangu, mitego ya kubana ile ya mbao au bati ndiyo itakayokusafishia jiko. Ila usitege mmoja. Jiko la hatua nne kwa tano linataka mitego sita hadi minane, usiku mmoja, kila baada ya mita mbili kando ya ukuta. Mtego ukae umesimamia ukuta, sehemu ya chambo ndiyo iguse ukuta. Ukiulaza sambamba na ukuta, panya anauruka au anaufyatua kwa mgongo.

Nyunyiza majivu kidogo sakafuni kwanza, uone nyayo zinapita wapi. Majivu huna shida nayo.

Chambo: kipande cha nazi kilichobanikwa mpaka kikawa kahawia, au ng'onda (samaki mkavu) aliyechomwa. Kiwe kidogo, ukubwa wa punje ya kunde. Watu hutia kipande kikubwa, kipanya kinamega pembeni na kuondoka. Kifunge kwa uzi, ili akivuta ndipo mtego ufyatuke. Yule wa makombamoyoni mwekee mtego mkubwa uliofungwa kwenye boriti kwa waya, wenye chambo lakini haujategwa, kwa usiku tatu. Akishazoea kula, tega yote pamoja.

Tega baada ya Magharibi, toa alfajiri kabla kuku hawajatoka. Kwa ajili ya watoto, ufunike kwa debe au boksi la mbao lenye tundu pande mbili.

Ghalani tia na ndoo: ndoo ya lita 20, waya upite katikati ya kopo, kopo lizunguke bila kukwama, lipakwe nazi iliyosagwa. Chini maji sentimita 15, na ubao wa kupandia. Maji ubadilishe kila siku.

Gundi sipendi. Vumbi la sakafu ya udongo linaifanya isinate, inakamata vifaranga na mijusi, na panya hufa kwa mateso. Kumuua sawa, kumtesa haifai.

Mkaazi_wa_Konde

Ahsanteni sana, Bi na mafundi. Karatasi nitaanza nazo leo. Ila sumu hamjanijibu: kwa nini ile ya pakiti ilifanya kazi mwanzo ikaacha? Na mmoja amefia kwenye makuti, harufu haikaliki.

Mifugo_Chake

Ile pakiti isiyo na maandiko huwezi kujua ni nini. Nyingine ni dawa za kuulia wadudu shambani zilizopakiwa upya, hatari kwa mtoto kuliko kwa panya. Nyingine ni zinki fosfidi, unga wa kijivu cheusi wenye harufu ya kitunguu thomu. Hii huua kwa saa chache, na hapo ndipo kasoro yake: aliyeonja kidogo huumwa, akapona, na chambo kile hakigusi tena. Ndiyo uliyoyaona. Pia haina dawa ya kuifuta mwilini.

Zinazofaa nyumbani ni za kuzuia damu isigande, kama bromadioloni au brodifakumi, kiwango cha asilimia 0.005, vile vipande vya nta vyenye rangi. Panya hufa baada ya siku 3 hadi 7, kwa hiyo hahusishi kuumwa na alichokula. Nunua kwenye duka la pembejeo, pakiti iwe na jina la sumu na tarehe. Bwana shamba wa shehia atakuonyesha. Dawa yake ni vitamini K1, inatolewa hospitali.

Usitupe kipande wazi. Kata bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 50, kifunge kipande katikati kwa waya kisitoke, na bomba lifungwe kwenye nguzo kando ya ukuta. Kwa vipanya, kila mita 2 hadi 3 kipande kimoja. Kwa panya wakubwa, kila mita 5 hadi 10, vipande kadhaa. Kagua kila baada ya siku mbili, jazia panapoliwa, uendelee mpaka pasiliwe kabisa. Kuacha katikati kwa sababu wamepungua ni kuwaachia mbegu.

Sumu usiiweke hapa: ndani ya makuti, ndani ya chumba cha mpunga, wala pahala mbuzi anapofikisha mdomo. Panya hubeba chakula na kukificha, kwa hiyo sumu ya punje ghalani itaishia kwenye mpunga wako. Na paka akila panya wengi waliokula sumu, naye anadhurika, bundi vile vile. Brodifakumi hukaa kwenye ini muda mrefu mno, kwa nyumba yenye paka mie ningeiacha. Maiti zikusanye kila asubuhi, zifukie nusu mita.

Mtoto akila sumu, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mpeleke hospitali hapo hapo, na pakiti mkononi.

Huyo wa kwenye makuti, angalia nzi wa kijani wanapozunguka, utoe makuti machache ya hapo. Usipompata, harufu huisha baada ya wiki moja au mbili.

Ghala_na_Bonde

Niongeze kwenye usafi. Mavi na mikojo usifagie makavu, vumbi lile unalivuta. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu kumi, nyunyiza, ngoja dakika 10, futa kwa tambara, tambara lifukiwe. Vaa glavu na viatu, hasa bandani penye tope. Homa ya mgunda, iliyotokea Lindi mwaka 2022, husambazwa na mikojo ya wanyama, panya wakiwemo, na huingia kwenye kidonda au mchubuko wa mguu.

Mkaazi_wa_Konde

Wavu wa milimita 6 dukani haupo, upo wa kuku tu. Nikikunja mara mbili?

Fundi_Wete

Hapana. Wa kuku hata ule wa nusu inchi ni milimita 12, vipanya wanapita, na tabaka mbili zikilegea matundu yanakutana. Tumia bati kuukuu lisilo na matundu. Linyooshe kwa nyundo, likate vipande vya sentimita 50, 30 zishuke wima na 20 zilale chini kuelekea nje. Vipande vipishane sentimita 5 na uvigongee msumari kwenye maungio. Upande wa chini wa mteremko acha upenyo wa maji, uujaze kokoto zilizoshikwa kwa saruji kidogo ili maji yapite, la sivyo maji ya masika yatasimama kati ya bati na ukuta na udongo utalainika.