Wanataka nitie sahihi ili njia ya Nyalenda ifungwe. Nifanyeje?

Nyar Pandpieri

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa waliowahi kuishi katika mitaa yenye vyama vya wakazi. Mimi na mume wangu tunakaa Milimani, hapa Kisumu, kwenye barabara fupi ambayo mwisho wake kuna kijia cha miguu kinachotokea upande wa Nyalenda, mtaa wa watu wa kipato cha chini. Gari haliwezi kupita hapo, lakini kuanzia saa kumi na moja alfajiri watu hawakatiki: walinzi wanaorudi nyumbani baada ya zamu ya usiku, akina dada wanaokuja kutufulia na kutupikia, mafundi, mama wa sukuma wiki na beseni lake kichwani, na watoto wenye sare za shule.

Hivi karibuni nyumba mbili zilivunjwa, na wezi wakachukua mtungi wa gesi na televisheni. Kamati iliitisha mkutano, na ingawa polisi hawakuwa wamemkamata mtu yeyote, iliamuliwa kwamba wezi walitoka Nyalenda, kwa hiyo kijia kizibwe kwa ukuta, na mwanzo wa barabara liwekwe lango la chuma lenye mlinzi wa kuandika majina na nambari za vitambulisho. Kila nyumba inatakiwa kuchanga na kutia sahihi. Tuliobaki ni sisi na mzee mmoja mstaafu.

Mama yangu alilea watoto wa watu huku huku Milimani kwa miaka mingi, na jioni alirudi Pandpieri, huko Nyalenda, kwa miguu. Siwezi kutia sahihi karatasi inayomwita mtu kama yeye mshukiwa. Lakini wizi ulitokea kweli, majirani wana hofu ya kweli, na mume wangu anaogopa tutatengwa, kwa kuwa chama hicho ndicho kinachosimamia taa za barabara na uzoaji wa taka. Nikatae waziwazi, au nitie sahihi halafu nijaribu kulegeza masharti nikiwa ndani?

Mama Migosi

Dada, nitasema yale ambayo huenda hutaki kusikia. Mimi ni mjane, na nyumba yangu ilivunjwa nikiwa ndani na watoto. Tangu siku hiyo, mbwa akibweka usiku silali tena. Anayetaka lango hawachukii maskini. Anataka watoto wake waamke salama. Ukienda mkutanoni na maneno ya haki bila kuwaambia watu watalindwaje, hawatakusikiliza, na mimi mwenyewe nisingekusikiliza.

Wakili wa Kaloleni

Kabla ya kubishana kuhusu utu, jueni kwanza kijia hicho ni cha nani. Nendeni ofisi ya ardhi mkaombe ramani ya usajili wa eneo hilo. Kikiwa kimechorwa kama njia ya umma, basi chama hakina mamlaka ya kukiziba. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inahesabu barabara na njia zilizowekwa kisheria kuwa ardhi ya umma, na kuifunga kunahitaji kupitia kwa kaunti kwa utaratibu wa sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Kikiwa kimepita ndani ya ploti ya mtu binafsi, mambo yanabadilika, ingawa hata hapo matumizi ya waziwazi, ya amani na yasiyokatika kwa miaka 20 yanaweza kuzaa haki ya kupita. Kuhusu vitambulisho, anayekusanya nambari za watu anabanwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na daftari lililoachwa wazi juu ya meza ya mlinzi ni kosa linalosubiri kushtakiwa.

Jambo jingine ambalo halitakiwi kusahaulika: mji huu ulipangwa hivyo tangu mwanzo. Reli ilipofika hapa mwaka 1901, wakoloni walijichagulia mwinuko wenye upepo, Wahindi wakawekwa karibu na maduka, na Waafrika waliojenga mji wakabaki nje ya mpaka wake. Ukuta mnaotaka kuujenga unafuata mstari uleule.

Zamu ya Usiku

Mama, asante kwa kuuliza. Mimi ni mlinzi, na kazini napita kijia cha namna hiyo. Kikifungwa nitazunguka kwa Ring Road karibu nusu saa, au nilipe boda boda shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hizo ni shilingi 2,600. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara kwa kibarua au mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa kama Kisumu kiliwekwa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na ninafahamu wengi ambao hawakipati.

Fedha naweza kuzivumilia. Katika mtaa mmoja wenye lango, nilisimamishwa asubuhi nikitoka kazini, mfuko wangu ukafunguliwa, na bakuli la ugali uliobaki likafunuliwa mbele ya watoto waliokuwa wakisubiri basi la shule. Usiku kucha nilikuwa nimelinda vitanda vyao. Kulipopambazuka nikawa mwizi.

Mkaazi wa Shabab

Hapa Nakuru mtaa wa rafiki yangu ulifunga njia iliyokuwa ikitumiwa na watu wa Kaptembwo, mtaa jirani wa watu wa kipato cha chini. Mama mboga aliacha kuja, wafanyakazi wakawa wanachelewa, na wizi haukwisha, kwa maana mmoja wa waliokamatwa baadaye alikuwa kijana wa humo humo ndani. Mwishowe waliondoa matofali, wakakata ua lililokuwa likificha njia, wakaweka taa mbili na kilango kidogo kinachofunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, bila kumwandika mtu. Yule mjane hapo juu ana haki ya kulala, na taa ingemsaidia kuliko daftari.

Ushauri wangu ni kwamba usitie sahihi. Ukishatia, jina lako litatumiwa kuonyesha kwamba hata mtoto wa Pandpieri amekubali. Peleka pendekezo lililoandikwa, pamoja na bei ya taa na ya kilango, ili kamati ijibu pendekezo lenyewe badala ya kukujadili wewe.

Nyar Pandpieri

Nawashukuru nyote, na kipekee Zamu ya Usiku. Mume wangu amesoma maneno yako mara mbili, na sasa hazungumzii tena kutengwa. Mama Migosi, umenisaidia kuona kwamba nilikuwa nimejiandaa kukataa tu. Jumatatu tutakwenda ofisi ya ardhi, na yule mzee mstaafu amekubali tuandike pendekezo pamoja naye. Fundi wa umeme anatuletea makadirio ya taa.

Limebaki swali moja. Nyalenda B na Market Milimani ni wadi mbili za eneo bunge moja, Kisumu ya Kati, lakini sijawahi kuona wakazi wa pande hizi mbili wakikaa katika kikao kimoja cha Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda usalama pamoja. Ningependa wanaopita kijia hiki waje wenyewe mkutanoni waseme. Je, niwaalike kupitia kwa chifu, au nikiwaleta bila kuiarifu kamati nitakuwa nimewaweka pabaya wale wanaotegemea kazi katika nyumba hizo hizo?

Zamu ya Usiku

Pitia kwa chifu, Mama. Na usiwaite wanaofanya kazi katika barabara yenu. Waite wanaopita tu kuelekea mjini. Hao hawana mwajiri wa kumwogopa mle ndani.